Mita 569 zilizokosekana: uchambuzi wa saa moja ya Eddy Merckx, Mexico City 1972

Tarehe 25 Oktoba 1972, saa 2 na dakika 46 asubuhi kwa saa za Mexico City, Mbelgiji Eddy Merckx aliondoka kwenye mstari wa uwanja wa baiskeli wa Agustín Melgar. Hakukuwa na mshindani wala gari la kumfuata. Saa moja baadaye alikuwa amekwenda kilomita 49.431. Rekodi ya saa (umbali mrefu kuliko wote mtu aliokwenda kwa baiskeli peke yake kwa saa moja) aliyoivunja ilikuwa ya Ole Ritter wa Denmark, kilomita 48.653, iliyowekwa mji huohuo tarehe 10 Oktoba 1968. Alimzidi Ritter kwa mita 778, yaani mizunguko miwili na theluthi ya uwanja wa mita 333.33.

Mashabiki wa mchezo huu wana kauli moja wanayoirudia kila saa hiyo inapotajwa: Merckx alianza kwa pupa, na kama angetulia mwanzoni angevuka kilomita 50. Zimebaki mita 569 tu, wanasema. Kauli hiyo inaingia akilini haraka kwa sababu ni kweli alianza kwa kasi kubwa mno. Lakini ukizipiga hesabu, mita 569 hazipatikani pale wanapozitafuta. Zilikuwepo, ila mahali pengine, na mahali penyewe hapakumshughulisha mtu yeyote mwaka ule.

Alikuwa nani mwaka huo

Merckx, mzaliwa wa Meensel-Kiezegem (17 Juni 1945), alikuwa na miaka 27 na alivaa jezi ya Molteni, timu ya kampuni ya soseji ya Italia. Msimu huohuo alikuwa ameshinda Milano–Sanremo, Liège–Bastogne–Liège, Flèche Wallonne, Giro d'Italia, Tour de France, na tarehe 7 Oktoba Giro di Lombardia. Yaani alikwenda Mexico akitoka katika msimu mzima wa mashindano ya barabarani, wala hakuwa na miezi ya kujiandaa kwa saa moja peke yake. Wanaojaribu rekodi hii siku hizi hutenga miezi kadhaa, na wengine huacha mbio zote za majira hayo.

Uwanjani hakuwa mgeni. Mbelgiji wa kizazi chake aliyetaka kula kwa baiskeli alikimbia barabarani kuanzia machipuko hadi vuli, na majira ya baridi akaingia kwenye mbio za siku sita katika viwanja vya ndani, Gent, Antwerpen na kwingineko. Merckx alishinda mbio 17 za siku sita katika maisha yake, nyingi akiwa na Patrick Sercu. Kwa hiyo baiskeli isiyo na breki wala frili (kifaa kinachoruhusu gurudumu kuzunguka pedeli zikiwa zimetulia) aliijua kwa mwili. Uzoefu huo una uzito, kwa sababu mtu wa barabarani akipandishwa uwanjani mara ya kwanza hupoteza mita nyingi kwa kuyumba tu.

Sheria ya saa na namna mita zinavyohesabiwa

Masharti ni machache. Mwendeshaji anaanza akiwa amesimama, baiskeli imeshikwa. Anazunguka peke yake saa moja kamili, bila mtu wa kumkinga upepo. Mtu wa kwanza kuandikwa rasmi ni Henri Desgrange, kilomita 35.325, Paris, Mei 1893; ndiye huyo aliyekuja kuanzisha Tour de France. Baadaye walipita Fausto Coppi, Jacques Anquetil, Ercole Baldini na Roger Rivière. Anquetil aliipita tena mwaka 1967 kwa kilomita 47.493, lakini haikutambuliwa kwa sababu hakutoa mkojo wa vipimo. Mwezi uliofuata Mbelgiji mwingine, Ferdi Bracke, akaenda kilomita 48.093 mjini Roma. Huyo ndiye aliyevuliwa rekodi na Ritter.

Umbali haupimwi kwa mita za baiskeli. Unapimwa kwa mizunguko. Kuna mstari wa kupimia, sentimita 20 kutoka ukingo wa ndani, na urefu wa uwanja ni urefu wa mstari huo. Ukikanyaga juu yake muda wote, unalipwa kila mita uliyokwenda. Ukipanda juu kidogo, unakwenda njia ndefu zaidi na hulipwi. Sentimita 10 tu juu ya mstari kwenye kona huongeza karibu nusu mita kwa kila mzunguko. Zidisha kwa mizunguko 148 na umetupa mita 70 hivi. Ndiyo maana mtu mtulivu ana faida kuliko mwenye misuli mikubwa anayeyumba anapochoka.

Saa ikiisha mtu akiwa katikati ya mzunguko, kipande kile hupatikana kwa hesabu: sekunde zilizobaki alipoanza mzunguko wa mwisho, ukigawa kwa muda alioutumia kuumaliza, mara urefu wa uwanja. Mizunguko 148 ni kilomita 49.333. Mita 98 zinazobaki katika namba ya Merckx ni kile kipande, sawa na sekunde 7 hivi za mwisho.

Kwa nini Mexico

Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi: mgandamizo wake ni kama asilimia 77 ya ule wa pwani. Msomaji wa Afrika Mashariki analijua jambo hili kutoka upande wa pili, kwa wakimbiaji. Katika Olimpiki ya Mexico, Oktoba 1968, siku chache tu baada ya Ritter kuweka rekodi yake, Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000 kwa dakika 29:27.4, ilhali rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa 27:39.4. Oksijeni ilikuwa haba, na hata waliozaliwa mlimani walikwenda polepole.

Basi kwa nini mwendesha baiskeli apande huko huko? Kwa sababu kikwazo chake si kilekile. Mkimbiaji anapambana zaidi na uzito wake mwenyewe, na upepo anaoukata kwa kasi yake ni mdogo. Mwendesha baiskeli anayekwenda kilomita 49 kwa saa kwenye mbao tambarare hutumia karibu asilimia 90 ya nguvu zake kusukuma hewa. Hewa ikipungua kwa robo, kazi ile nayo inapungua kwa robo. Mapafu yake pia yanapata hasara: mwanariadha wa kiwango cha juu hupoteza takriban asilimia 10 hadi 12 ya nguvu zake za muda mrefu kwenye kimo hicho. Lakini faida inazidi hasara. Ukichukua nguvu zilizopungua hadi asilimia 88, ukazigawa kwa hewa iliyopungua hadi asilimia 77, na kukumbuka kwamba nguvu zinazotakiwa hupanda kwa mchemraba wa kasi (kasi × kasi × kasi), unapata nyongeza ya asilimia 4 hivi ya kasi. Kwa saa moja hiyo ni karibu kilomita mbili. Hakuna kifaa kingine mwaka 1972 kilichoweza kumpa mtu kilomita mbili.

Gharama yake ni kwamba deni la oksijeni, yaani nguvu unazotumia kupita pumzi unayovuta, halilipiki kwa urahisi. Barabarani kule Ubelgiji, mtu akizidisha kwa dakika moja anaweza kupunguza kidogo na mwili ukarudi. Kwenye mita 2,240 kurudi huko ni kwa taabu. Merckx alilijua hili: kabla ya safari alifanya mazoezi juu ya roli (silinda zinazozunguka chini ya magurudumu, baiskeli ikibaki palepale) katika gereji ya nyumbani, amevaa barakoa iliyompa hewa yenye oksijeni ndogo kama ya Mexico, madaktari wakimfuatilia. Kwa vipimo vya leo maandalizi hayo ni mafupi sana. Kuvuta hewa haba kwa vipindi vifupi ukiwa bado unalala na kula usawa wa bahari hakubadilishi damu. Kunachofanya ni kumfundisha mtu namna ya kupumua na kumwondolea woga wa kukosa pumzi. Kuizoea hewa kwa maana ya kuongeza chembe nyekundu kunataka wiki tatu na zaidi ukiwa mlimani. Merckx hakuwa nazo.

Tena uwanja wa Agustín Melgar ulikuwa wazi kwa hali ya hewa. Mvua ilimchelewesha siku kadhaa. Kuanza asubuhi kulikuwa na sababu: upepo haujaamka. Hasara ya asubuhi ni ubaridi, maana hewa baridi ni nzito kidogo, lakini upepo unaomkuta mtu upande mmoja wa uwanja na kumsukuma upande mwingine haulipi kwa usawa. Unachukua zaidi ya unavyorudisha.

Baiskeli

Fremu ilijengwa na Ernesto Colnago, fundi wa baiskeli wa Italia, kwa mabomba ya chuma ya Columbus yaliyopunguzwa unene. Juu yake liliandikwa Windsor, jina la watengenezaji wa baiskeli wa Mexico, na si Colnago. Leo imewekwa ndani ya kioo katika kituo cha treni za chini ya ardhi kinachoitwa Eddy Merckx, Anderlecht, Brussels. Anayetaka kuiona anaweza kwenda kwa tiketi ya metro.

Nzima ilikuwa na uzito wa takriban kilo 5.75. Baiskeli nzuri ya uwanjani ya miaka ile ilikaribia kilo 7, na ile nyeusi ya mizigo tunayoijua, Phoenix, inavuka 20. Colnago alifika hapo kwa kupunguza gramu moja baada ya nyingine. Shina la usukani lilikuwa la titani, kazi ya Pino Morroni, fundi Mtaliano aliyeishi Detroit. Usukani ulitobolewa matundu. Mnyororo nao ulitobolewa, kipande kwa kipande. Jaribu kufikiria kazi hiyo: kila kibati cha mnyororo ni kidogo kuliko ukucha, na tundu likienda nje ya katikati kwa nusu milimita kibati kinabaki dhaifu upande mmoja. Kwenye baiskeli isiyo na frili mnyororo ukikatika kwa kilomita 50 kwa saa, gurudumu la nyuma linaweza kufunga palepale. Tairi zilikuwa za hariri, za kubandikwa kwa gundi juu ya rimu, kila moja ikiwa na uzito wa karibu gramu 100. Tairi kama hizo zinafaa mbao safi na siku moja.

Gia ilikuwa moja: meno 52 mbele, 14 nyuma. Kila mzunguko wa pedeli ulimpeleka mita 7.8 hadi 7.9 kufuatana na tairi. Kwa umbali wa kilomita 49.431 hiyo ni mizunguko zaidi ya 6,200, sawa na 104 hadi 106 kwa dakika, bila kupumzika hata mara moja, kwa sababu bila frili pedeli inazunguka maadamu gurudumu linazunguka. Uchaguzi wa gia ndio uamuzi usiobadilishika siku hiyo. Ukiweka 13 nyuma, mzunguko kwa dakika unashuka hadi kama 98, lakini kuondoka kutoka kusimama kunakuwa kama kusukuma gari lililozimika na mapaja yanajaa uchovu kabla ya kilomita ya kwanza. Ukiweka 15, miguu inakwenda karibu 113 na pumzi inaisha kabla ya misuli. Kwa mtu wa mbio za siku sita aliyezoea kuzungusha miguu upesi, 52 kwa 14 lilikuwa chaguo sahihi, na hatuoni dosari hapo.

Juu ya mashine hii iliyonyang'anywa kila gramu alikaa mtu aliyevaa jezi ya kawaida ya timu na kaptura, na kichwani kofia ya vipande vya ngozi vilivyojazwa, yenye nafasi kati ya kipande na kipande. Mikono ilishika sehemu ya chini ya usukani wa kawaida. Weka hili pembeni, tutalirudia.

Saa yenyewe, kwa vipande

Kilomita ya kwanza ilimchukua takriban dakika 1 na sekunde 10, pamoja na kuondoka kutoka kusimama. Toa sekunde nne au tano za kuondoka, utaona kwamba alipofika kwenye kasi alikuwa akienda karibu kilomita 55 kwa saa. Nguvu inayotakiwa kwa kasi hiyo inazidi ile ya wastani wa saa yake kwa theluthi na zaidi. Huo si mwanzo wa mtu wa saa moja. Ni mwanzo wa mtu wa mbio za kilomita nne.

Kulikuwa na sababu. Njiani kulikuwa na rekodi nyingine mbili za kuokota, ya kilomita 10 na ya kilomita 20, na alizitaka zote. Alizipata: kilomita 10 kwa 11:53.2, kilomita 20 kwa 24:06.8.

Sasa zitenganishe namba hizo. Kilomita 10 za kwanza zilikwenda kwa wastani wa kilomita 50.5 kwa saa, sekunde 23.8 kwa mzunguko. Kilomita 10 za pili peke yake zilimchukua 12:13.6, yaani kilomita 49.07 kwa saa, sekunde 24.5 kwa mzunguko. Kilomita 29.4 zilizobaki zilikwenda kwa wastani wa 49.21, sekunde 24.4 kwa mzunguko.

Hapo ndipo kauli ya "alijimaliza mwanzoni" inapoanza kuyumba. Mtu aliyejimaliza haonekani hivi. Aliyejimaliza hushuka, akashuka tena, na dakika 15 za mwisho zikawa aibu. Merckx alianguka kasi mara moja, katika kilomita 10 za pili, deni lilipodaiwa. Kisha akashika mwendo na kuupandisha kidogo kwa zaidi ya dakika 35, akiwa na maumivu ya wazi. Pengine tuseme alilipa deni lake mapema kisha akaishi na mshahara uliobaki.

Mwanzo wa pupa uligharimu kiasi gani

Tuchukue nguvu zake kuwa wati 380, makadirio yanayotumika mara nyingi na yanayolingana na hewa ya Mexico na mtu wa umbo lake. Kwa kasi ile, asilimia 1 ya nguvu ni sawa na mita 170 hivi kwa saa. Kwa hiyo mita 569 zinataka asilimia 3.3 zaidi, kama wati 13.

Hasara ya kwanza ya kwenda bila usawa ni ya hewa tu: unapozidisha kasi unalipa zaidi ya unachookoa unapopunguza. Kwa vipande alivyokwenda Merckx, hasara hiyo, ukijumlisha hata kile kichaa cha kilomita ya kwanza, haizidi mita 20 au 30.

Hasara ya pili ni ya mwili. Kila mtu ana akiba ndogo ya nguvu isiyotegemea oksijeni. Kwa mwanariadha kama huyu tuseme kilojuli 20 hadi 25. Saa nzima ilimtaka kama kilojuli 1,370. Hata ukisema, kwa ukali kabisa, kwamba akiba yote ile ilichomwa mwanzoni bila faida hata ya mita moja, umepoteza asilimia 1.5 hadi 1.8 ya nguvu, yaani mita 250 hadi 300. Lakini haikupotea bure; ilimpeleka mbele, ndiyo maana kilomita 10 zilikuwa rekodi. Kwa hiyo 300 ni dari ambayo ukweli haufiki.

Jumlisha vyote kwa ukarimu mkubwa: kilomita 49.431 na mita 330. Hata kilomita 49.8 hufiki. Makadirio ya busara zaidi ni kilomita 49.55 hadi 49.6. Ratiba ya usawa ingempa rekodi nzuri zaidi na ingemnyima zile mbili za njiani. Isingempa 50.

Na gramu za Colnago

Kilo 1.25 hivi zilizopunguzwa kwenye baiskeli zina kazi mara mbili tu katika saa kama hii. Mara ya kwanza ni wakati wa kuondoka: kuifikisha kilo moja na robo kwenye mita 13.7 kwa sekunde kunataka juli 120 hivi, theluthi ya sekunde kwa mtu wa wati 380. Mara ya pili ni msuguano wa tairi na mbao, ambao unapungua kidogo uzito ukipungua. Ukijumlisha, ni mita 20, labda 25. Mlimani gramu zile zingekuwa dhahabu. Kwenye uwanja tambarare, kazi yote ile ya kutoboa mnyororo ilikuwa na thamani ndogo kuliko ya kuendesha sentimita tano karibu zaidi na mstari.

Hii haimaanishi kwamba Colnago hakujua kazi. Alijua kazi ya zama zake, na zama zake zilipima ubora wa baiskeli kwa mizani. Hakukuwa na mtu uwanjani pale aliyekuwa na namba ya upepo anaoukamata mwendeshaji.

Jezi

Sasa turudi kwa kile tulichoweka pembeni. Upepo ulikuwa asilimia 90 ya kazi. Punguza upepo anaoukamata mwendeshaji kwa asilimia 5 tu, na umempunguzia asilimia 4.5 ya mzigo. Kwa kipimo chetu cha mita 170, hiyo ni zaidi ya mita 700. Kilomita 50 imepita, na imebaki akiba.

Asilimia 5 ilikuwa wapi? Vazi la kipande kimoja linalobana mwili badala ya jezi yenye mikunjo na mifuko ya nyuma. Kofia laini isiyo na mifereji. Viwiko vilivyokunjwa zaidi, ili mikono ya mbele ilale badala ya kusimama wima kama nguzo mbili mbele ya kifua. Spoku chache zaidi au bapa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji teknolojia ambayo haikuwepo kabisa mwaka 1972. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali.

Lipo pingamizi moja la haki. Kukunja viwiko zaidi kwa saa nzima si suala la kuamua tu. Tarehe 9 Septemba 1969, uwanjani Blois, Ufaransa, Merckx alianguka katika mbio za nyuma ya pikipiki. Fernand Wambst, aliyekuwa akiendesha pikipiki mbele yake, alifariki. Merckx mwenyewe aliumia uti wa mgongo na nyonga ikapinda, na tangu hapo alijulikana kwa kurekebisha kimo cha siti mara kwa mara, hata katikati ya mbio. Barabarani mtu wa namna hiyo ana nafuu: anasimama kwenye pedeli kilimani, anasogea, anashuka mteremko bila kukanyaga. Katika rekodi ya saa hakuna hata kimoja. Kukaa ni kulekule, na kila kona, karibu mara 300 kwa saa ile, inamgandamiza kwenye siti kwa uzito unaozidi wake kwa kama moja ya saba. Aliposhushwa alisaidiwa, na alisema hatajaribu tena. Hakujaribu. Kwa hiyo viwiko tuvitoe kwenye hesabu ukitaka. Vazi na kofia vinabaki, na havikumtaka aumie zaidi.

Waliokuja baadaye wanathibitisha nini

Tarehe 23 Januari 1984 Francesco Moser wa Italia alikwenda kilomita 51.151 mjini Mexico City, siku nne baada ya kuwa mtu wa kwanza kuvuka 50 kwa kilomita 50.808. Alitumia magurudumu ya sahani yasiyo na spoku, vazi linalobana na usukani ulioelekea juu. Ni mita 1,720 zaidi ya Merckx, kimo kilekile cha mji. Usichukue ulinganisho huu mzimamzima, kwa sababu Moser alikuja kukiri kwamba aliongezewa damu yake mwenyewe kabla ya jaribio, jambo ambalo sheria ya wakati ule haikulikataza. Sehemu ya mita zile ni ya damu. Lakini hata ukiipa damu sehemu kubwa, mzigo uliobaki ni wa hewa.

Miaka ya 1990 vita vya hewa viliendelea mpaka Mwingereza Chris Boardman akafika kilomita 56.375 mwaka 1996, mikono imenyooshwa mbele kabisa. Mwaka 2000 UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, ikasema inatosha: rekodi ya saa irudi kwenye baiskeli ya namna ya Merckx, mabomba ya mviringo, usukani wa kawaida, magurudumu ya spoku, na alama ya kuvunjwa iwe 49.431. Tarehe 27 Oktoba 2000, Manchester, Boardman huyohuyo alikwenda kilomita 49.441. Mita 10 mbele ya Merckx.

Wengi waliisoma siku ile kama ushahidi kwamba Merckx alikuwa sawa na Boardman. Ulinganisho unataka uangalifu. Boardman alikuwa karibu na usawa wa bahari, hewa nzito, akakosa zile asilimia 4 za Mexico. Kwa upande mwingine alikuwa ndani ya jengo lisilo na upepo, amevaa vazi linalobana, na alikuwa mtu aliyekwisha kutumia miaka akijifunza kuweka kichwa na mabega mahali pamoja. Alipoteza kilomita mbili kwa kimo na akazirudisha nyingi kwa mkao, juu ya baiskeli ya namna ileile. Hiyo ndiyo asilimia 5 tuliyoitafuta, na zaidi. Ondřej Sosenka wa Ucheki aliifikisha kilomita 49.700 mjini Moscow mwaka 2005, na hata yeye hakufika 50 kwa sheria hizo.

Mwaka 2014 UCI ililegeza tena na kuruhusu baiskeli za kisasa za uwanjani. Mbelgiji aliyefuata kuishika rekodi ni Victor Campenaerts, tarehe 16 Aprili 2019, Aguascalientes, tena Mexico lakini kwenye kimo cha chini kidogo, kama mita 1,880, na chini ya paa. Alikwenda kilomita 55.089, mita 563 zaidi ya Mwingereza Bradley Wiggins, aliyeishika rekodi kabla yake. Aliyoyafanya ni kinyume cha 1972 karibu kila kipengele: kambi ndefu ya mlimani Namibia kabla ya safari, mkao uliopimwa kwa namba, kofia na vazi vilivyochaguliwa kwa majaribio, na mizunguko iliyosogea kwa usawa. Uzito wa baiskeli haukuwa hoja tena. Kanuni zenyewe zimeweka kima cha chini cha kilo 6.8, zaidi ya kilo moja juu ya ile ya Colnago. Filippo Ganna aliifikisha kilomita 56.792 mjini Grenchen, Uswisi, Oktoba 2022, kimo kisichofika mita 500.